Barua ya wazi kwa viongozi wa Komoro: Kioo chetu ni Shelisheli, si Maore

Kwa Waheshimiwa Mawaziri na Wabunge,
Muungano wa Visiwa vya Komoro,
Moroni.

YAH: HALI YA MAISHA YA WANANCHI WA KOMORO IKILINGANISHWA NA YA SHELISHELI

Waheshimiwa,

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni Mngazija, mtu wa kisiwa cha Ngazija, mzaliwa wa upande wa Mitsamiouli. Naishi Dar es Salaam mwaka wa ishirini na mbili sasa, kazi yangu kupakia vitunguu, viazi na mbao kwenda Moroni. Hii ni barua yangu ya tatu kwenu. Ya kwanza niliipeleka mwenyewe hadi kwenye meza ya wizara. Ya pili ilikwenda kwa mkono wa mtu anayefahamiana na katibu. Zote nilirudishiwa nakala yenye mhuri wa "imepokelewa", na mhuri huo ndio jibu pekee nililopata. Hii ya tatu nimeona niiandike hadharani, kila mtu aisome, na mkitaka kugonga mhuri mgonge mbele za watu.

Nianze na Maore, ambayo Wafaransa wanaiita Mayotte, maana najua mtaanzia hapo. Kila tarehe 6 Julai, siku ya uhuru wetu, tunasimama juani kusikiliza hotuba kwamba kisiwa chetu cha nne kilimegwa na Ufaransa mwaka 1975. Ni kweli, na mimi nasema Maore ni yetu. Lakini kijana wa kisiwa chetu cha Nzwani anayepanda kwassa, boti ndogo ya magendo, usiku kuvuka zile kilomita 70 hafikirii ramani. Anafikiria kwamba upande wa pili kuna dawa, shule na kazi, na moyoni ameshahitimisha kuwa uhuru ndio uliotuponza. Tangu Ufaransa iweke viza mwaka 1995, wenzetu wamezama kwenye mkondo ule kwa maelfu. Nanyi mkiulizwa, jibu huwa lile lile: Maore inalishwa na Paris.

Sawa, inalishwa na Paris. Basi tuiweke kando. Tulinganisheni na jirani ambaye halishwi na Paris wala London. Shelisheli walipata uhuru tarehe 29 Juni 1976, karibu mwaka mzima baada yetu. Ni visiwa kama sisi, kwenye bahari ile ile, na huko nyuma vilitawaliwa na Mfaransa kabla ya Mwingereza. Wanasema Kikreoli, sisi Kikomoro, na Kifaransa kinatukutanisha. Leo pato lao kwa kila mtu ni takriban mara kumi ya letu, na Benki ya Dunia iliwaweka kwenye kundi la nchi zenye kipato cha juu mwaka 2015.

Na wala hawakuanza na utajiri. Wakati Mutsamudu na Domoni kule Nzwani ni miji ya mawe yenye masultani na majahazi ya biashara, Shelisheli hakukuwa na mtu. Watu wa kwanza kuhamia walifika mwaka 1770. Enzi za Mwingereza vilikuwa visiwa vya kutupia wafalme wakorofi: Prempeh wa Ashanti alipelekwa huko, na Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar naye akaonjeshwa. Uchumi wao ulikuwa mbata na mdalasini. Kabla ya uwanja wa ndege wa Mahé, kisiwa chao kikuu, kufunguliwa mwaka 1971, hapakuwa na njia ya kufika huko ila meli. Sisi tulikuwa na vanila, karafuu na mlangilangi ambao mafuta yake yananukia kwenye manukato ya Wafaransa hadi leo. Mtu angetakiwa kuweka dau mwaka 1975, nadhani angeliweka kwetu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Wagonjwa wetu

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, nisameheni nikilirefusha.

Sebule yangu hapa Dar ni wodi. Hakuna mwezi unaopita bila mtu kutoka Ngazija kulala pale chini kwenye godoro, kando yake bahasha ya picha za eksirei. Karatasi zao zimeandikwa Kifaransa, na daktari wa hapa hasomi Kifaransa, kwa hiyo mimi muuza vitunguu nimekuwa mkalimani wa hospitali. Nimejifunza kusema "mshipa wa moyo umeziba" kwa lugha tatu. Nimeshawahi kumtafsiria mwanamke jibu la vipimo vyake mwenyewe, nikiwa nimemsogelea sikioni kwa sababu benchi lilikuwa limejaa watu, na nikalazimika kuchagua kati ya kumwambia alivyosema daktari na kumwambia anachoweza kubeba siku ile. Hiyo si kazi yangu, Waheshimiwa.

Baba yangu mkubwa aliambiwa kwenye hospitali moja huko nyumbani kwamba kifaa cha kumpima hakifanyi kazi, aende nje. Siku 11 zilipita ukichangishwa mchango: kijiji kikatoa, jamaa wa Marseille wakatoa, mimi nikauza shehena kwa hasara. Alipotua nilimpokea kwa kiti cha magurudumu. Daktari alitazama karatasi, akauliza tarehe ya kwanza aliyoandikiwa safari, akaisoma mara mbili. Alinyamaza. Tulimzika wiki iliyofuata, hapa hapa Dar, kwa sababu fedha za kumrudisha hazikuwepo.

Sasa sikilizeni hili. Shelisheli nao wana wagonjwa wasioweza kutibiwa kwao. Watu laki moja na ushei hawawezi kuwa na kila bingwa wa kila ugonjwa. Tofauti ni kwamba madaktari wao hukaa, wakaamua nani apelekwe nje, na serikali ndiyo inayolipa. Matibabu ya msingi katika hospitali za serikali ni haki ya raia bila malipo, imeandikwa kwenye katiba yao. Kwetu bodi ya kuamua nani asafiri ni ukoo, na mfuko wa matibabu ni simu ya Marseille. Asiye na jamaa Ufaransa afanye nini? Nimewauliza swali hili kwenye barua zote mbili.

2. Maji na umeme

Ngazija haina mto. Mawe yetu ni ya volkano, mvua ikinyesha yanaimeza, ndiyo maana tangu mababu tunakinga maji ya paa kwenye matangi. Hilo ni la Mungu. Lakini miaka hamsini ya kujitawala, bado kuna vijiji ambavyo kiangazi hununua maji kwa gari la tangi, na Nzwani iliyokuwa na mito mingi imeachwa ikatwe miti hadi mito mingi ikakauka. Kipindupindu kilipoingia mapema mwaka 2024 kilikuja na boti iliyotoka huku huku Tanzania, sikatai. Boti ilikileta. Kilichokisambaza hadi maelfu wakaugua na zaidi ya watu 100 wakafariki ni maji machafu tunayokunywa.

Niliwahi kukaa siku tisa Mahé kwa jamaa yangu aliyeoa huko. Siku ya nne maji yalikatika. Nikacheka, nikamwambia shemeji, karibuni Komoro. Hakunielewa. Kumbe jana yake redio ilishatangaza mtaa gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, naye ndoo zake alikwisha kuzijaza na kuzifunika. Saa ilipofika bomba likakohoa, likatoa maji. Mimi nilibaki nimesimama jikoni natazama lile bomba kama mtu aliyeona kiini macho. Wao pia wana ukame na mgao. Wanachopata wao nasi hatukipati ni kuambiwa.

Umeme ni hivyo hivyo. Wao kama sisi wanategemea mafuta kwa sehemu kubwa, lakini taa zinawaka, na mwaka 2013 walisimamisha mitambo minane ya upepo pale mbele ya bandari ya Victoria, mji wao mkuu. Sisi tuna Karthala, mlima wenye moto tumboni, na jotoardhi yake imezungumzwa kwa miaka mingi huku tukinunua jenereta. Nimesafirisha jenereta ngapi kwenda Moroni? Faida yangu nimeipata, na naona haya kuisema.

3. Bahari

Jodari hawana pasipoti. Wale wanaopita kwao ndio wanaopita kwetu. Victoria imekuwa bandari kuu ya jodari upande huu wa Bahari ya Hindi: meli za Ulaya zinashusha pale, kiwanda cha kusindika kinaajiri watu kuliko kampuni nyingine yoyote binafsi nchini, na mwaka 2021 walikuwa nchi ya kwanza duniani kutoa ripoti chini ya mpango wa kimataifa wa uwazi katika uvuvi, mikataba na takwimu hadharani.

Sisi tulifanya nini? Tulikodisha bendera. Usajili wa meli tukaukabidhi kwa watu walio nje ya nchi, meli zikapeperusha jina la Komoro kwenye bahari ambazo hakuna Mkomoro aliyewahi kuziona, zikavua kiharamu, na mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ukatupa kadi nyekundu, yaani samaki wetu wasiingie kwao. Mkataba wetu wa uvuvi nao ukavunjwa mwaka uliofuata. Mvuvi wa Itsandra mwenye galawa na ndoano amebeba adhabu ya meli ambayo hakuwahi kuipanda. Bendera ile ina nyota nne, moja ya Maore. Tunaililia kwenye hotuba halafu tunaipangisha.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kisiwa chetu cha Mwali kilianzisha hifadhi yake ya bahari mwaka 2001, na wanavijiji wenyewe wanalinda kasa. Kwa hiyo tunaweza.

4. Mambo kuanza upya kila siku

Pale Galawa, karibu na kwetu, palikuwa na hoteli kubwa ya ufukweni. Ndege ya Ethiopia iliyotekwa ilipoanguka baharini mbele yake mwezi Novemba 1996, watalii na wanakijiji waliingia majini pamoja kuokoa watu. Miaka michache baadaye hoteli ikafungwa, ikabomolewa, na tangu hapo kila serikali inakuja na picha mpya ya hoteli itakayojengwa pale. Picha tunazo nyingi, tungeweza kuzifanyia maonyesho.

Shelisheli pia walikosea, na vibaya. Mwaka 2008 walishindwa kulipa deni la nje, wakaenda Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), rupia ikaachwa ielee, watu wakaumia. Wakajirekebisha, na serikali zilizofuata hazikuitupa njia ile kwa sababu tu haikuwa na jina lao. Mwaka 2015 Wavel Ramkalawan alishindwa urais kwa kura 193. Mia moja tisini na tatu! Hakwenda msituni. Alirudi mwaka 2020 akashinda, na mwaka 2025 akashindwa tena, akaondoka. Kwetu tumehesabu mapinduzi na majaribio zaidi ya ishirini. Katiba ya 2001 iliyoleta urais wa zamu kwa visiwa, baada ya Nzwani kujitenga, ilibadilishwa mwaka 2018. Sisemi nani alikuwa sahihi. Nasema mwalimu wa uraia kule Mitsamiouli hajui afundishe ipi hadi lini.

5. Na sisi wenyewe

Fedha za Wakomoro walioko nje ni kama moja ya tano ya pato lote la nchi. Sehemu kubwa inaingia kwenye ndoa kubwa, ile harusi ya fahari ya mila yetu: dhahabu, ng'ombe, mchele wa kijiji kizima. Nami nimeoa ndoa kubwa, nimekaa na wazee, sina pa kujificha. Ila serikali ambayo haijawahi kumpa mtu wa Marseille njia ya kuaminika ya kuweka fedha yake kwenye maji au zahanati haina haki ya kumsema akiivaa shingoni mwa mkewe.

Najua mtakavyonijibu, kwa hiyo tusipotezeane muda.

Mtasema Shelisheli ni wachache, laki moja na kidogo, sisi tunakaribia laki tisa. Ni hoja nzito na naiheshimu. Basi tazameni Morisi (Mauritius): watu zaidi ya milioni moja na laki mbili kwenye kisiwa cha kilomita za mraba elfu mbili hivi, eneo linalokaribiana na la visiwa vyetu vitatu kwa pamoja. Wamewezaje?

Mtasema mamluki. Ni kweli, Bob Denard alituingilia 1975, akarudi 1978, rais wetu akauawa 1989 yeye akiwa mkuu wa walinzi wake, na 1995 akaja tena kwa boti kama mtu anayerudi shambani kwake. Lakini Shelisheli nao walipinduliwa Juni 1977, rais akiwa London, na Novemba 1981 Mike Hoare alitua Mahé na kundi lake wakijifanya wanywaji waliokuja kustarehe, bunduki zimefichwa ndani ya mabegi, chini kabisa. Ofisa wa forodha akapekua begi moja. Mmoja tu, aliyefanya kazi yake siku ile! Mpango wote ukaharibika, wakateka ndege ya Air India kukimbilia Durban. Mara nyingine nafikiri tofauti nzima kati ya nchi zetu mbili iko kwenye begi lile.

Mtasema kimbunga Kenneth cha 2019, mtasema Karthala. Hapo nawapa, hayo wao wameepushwa kwa kiasi kikubwa.

Na mtasema ninaipamba nchi ya watu. Hapana. Shelisheli ilikaa chini ya chama kimoja hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wapo waliokimbia wasirudi. Heroini imewala vijana wao kwa kiwango kinachotisha. Jamaa yangu ana shemeji mmoja hajulikani alipo. Bei za sokoni zilinifanya nile mkate na chai siku tisa. Sitaki tuwe Shelisheli. Nataka mtu wa Ngazija akiumwa asihitaji sebule yangu.

Ninachoomba ni hiki, kabla ya tarehe 6 Julai ijayo:

Kwanza, mfuko wa wagonjwa wanaopelekwa nje, wenye bodi ya madaktari, na kila mwezi hesabu yake itangazwe: wangapi waliomba, wangapi walipelekwa, kwa vigezo gani. Majina ya wagonjwa yasitajwe. Kama kuna wakubwa waliosafirishwa kwa fedha hizo, idadi yao itajwe. Na kama mnaona bodi itachukua muda, anzeni na jambo dogo: ripoti za wagonjwa wanaokuja Tanzania ziambatane na tafsiri. Hilo halihitaji mkopo.

Pili, ratiba ya mgao wa maji na umeme isomwe redioni jioni, kwa jina la mtaa na kijiji.

Tatu, daftari la meli zote zinazobeba bendera yetu na mikataba yote ya uvuvi iwekwe wazi, kwa Kikomoro na Kifaransa.

Nne, mradi wowote uliowekewa jiwe la msingi na haujajengwa, waziri husika aueleze bungeni, fedha zilitoka wapi na zimeishia wapi. Galawa iwe ya kwanza.

Nitakuwa Moroni meli ikinifikisha, inshallah mwanzoni mwa mwezi ujao. Nyaraka zangu, pamoja na tarehe za safari ya baba mkubwa, ziko tayari kwa yeyote kati yenu atakayeniita. Jibu likija kwa Kikomoro, Kifaransa, Kiarabu au Kiswahili, nitalisoma. Mhuri wa "imepokelewa" msijisumbue nao, ninao miwili.

Wenu katika ujenzi wa nchi,

Mngazija wa Mitsamiouli,
Dar es Salaam.